Inabeba mara ngapi? Hotuba juu ya Profesa Subra Suresh, kutoka nyufa za chuma hadi chembe za damu

Hotuba hii inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Waheshimiwa walimu, ndugu mafundi wa karakana, wanafunzi wa uhandisi wa mitambo, na nyinyi kaka na dada wa maabara za hospitali mliokubali kukaa jioni hii na watu wa spana: hamjambo!

Kila meza ina kipande cha waya wa kufungia nondo. Mmoja wenu auchukue. Uvute kwa mikono miwili, kwa nguvu zako zote. Haukatiki. Sasa ukunje, ukunjue, ukunje tena pale pale. Endelea. Umeona? Umekatika, na wala hukutoa jasho. Kilichoukata ni marudio.

Fundi akiletewa chuma huulizwa kinabeba kilo ngapi. Ni swali zuri, na majedwali yana jibu lake. Lakini ekseli ya daladala haikatiki siku ya kwanza ilipobeba abiria wengi. Inakatika asubuhi moja ya kawaida, gari likiwa nusu tupu, barabara ikiwa tambarare. Kwa nini siku hiyo? Kwa sababu kulikuwa na swali la pili ambalo hatukuliuliza: inabeba mara ngapi?

Leo nazungumzia maisha ya mtu aliyelichukua swali hilo la pili akalifuata kwa zaidi ya miaka arobaini, kwanza ndani ya chuma, kisha mahali ambapo wahandisi wengi hawakufikiri kwenda: ndani ya damu ya mgonjwa wa malaria na wa selimundu. Anaitwa Subra Suresh.

Alizaliwa India mwaka 1956. Sekondari aliimalizia Tamil Nadu, jimbo la Watamil kule kusini, akiwa na miaka 15 tu. Akaingia Taasisi ya Teknolojia ya India, Madras, iliyoko katika jiji ambalo leo tunaliita Chennai, akatoka na shahada ya uhandisi wa mitambo mwaka 1977. Akavuka bahari hadi Marekani: shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Iowa State mwaka 1979, na ya udaktari MIT, yaani Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, mwaka 1981. Wanafunzi, hesabuni wenyewe miaka kati ya 1979 na 1981. Udaktari wa uhandisi kwa muda huo ni kazi ya mtu aliyejua anatafuta nini.

Na alikuwa anatafuta nini? Ufa.

Ndugu zangu, uchovu wa metali, yaani chuma kupasuka kwa mzigo unaorudia rudia, ulikuwa umekwisha kuua watu wengi kabla yake. Mwaka 1954, mwezi Januari na tena mwezi Aprili, ndege mbili za abiria aina ya Comet zilipasuka angani. Waingereza wakachukua bodi ya Comet nyingine wakaizamisha kwenye tangi kubwa la maji huko Farnborough, wakawa wanaijaza shinikizo na kuliachia, kama inavyotokea kila ndege inapopanda na kushuka. Kwa nini maji na si hewa? Kwa sababu maji hayabanwi. Bodi ikipasuka hakuna mlipuko wa kuharibu ushahidi. Ilipasuka baada ya mizunguko kama 3,000, ukihesabu safari halisi na zile za majaribio, na ufa ulianzia kwenye kona ya uwazi uliokatwa kwenye bati. Kona! Mnaochomelea mageti na chesesi, mnajua kona inavyokusanya mzigo.

Kwa hiyo Suresh alipoingia MIT, habari ya nyufa haikuwa mpya. Lililobaki lilikuwa fumbo. Kuna chuma cha kromu na molibdenamu, kromu asilimia 2 na robo, molibdenamu asilimia 1, kinachotumika kwenye mitungi minene ya shinikizo. Ukikitia mzigo mdogo unaorudia rudia, ufa wake unatambaa polepole mno, chini ya sehemu moja ya milioni ya milimita kwa kila mzunguko. Watafiti waliona kwamba ufa huo ukiwa ndani ya haidrojeni kavu unakwenda kasi kuliko ukiwa kwenye hewa yenye unyevu. Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa kila mtu: haidrojeni inafanya chuma kiwe cha kuvunjika. Na kweli, haidrojeni ina tabia hiyo kwenye vyuma vingi. Nani angebisha?

Suresh, pamoja na msimamizi wake Robert Ritchie na mwenzao Zamiski, walijaribu heliamu kavu. Heliamu haijihusishi na kitu. Haili chuma, haiingii ndani yake. Kama mkosaji ni haidrojeni, basi ndani ya heliamu ufa ulipaswa kwenda polepole. Haukwenda polepole. Ulikwenda kasi karibu kama ndani ya haidrojeni.

Tulieni hapo kidogo, maana ndipo ulipo ufundi wenyewe. Kumbe swali halikuwa haidrojeni inaongeza nini. Swali lilikuwa hewa yenye unyevu inapunguza nini. Wakapima kuta za ufa, wakakuta kutu. Ufa unapofunguka na kufunga, kuta zake zinasuguana, tabaka la oksidi, yaani hiyo kutu, linavunjika, chuma kipya kinapata unyevu, oksidi inazidi kunenepa. Unene wake ni sehemu ndogo ya maikromita, na maikromita elfu moja ndizo milimita moja, lakini ncha ya ufa nayo inafunguka kwa kiasi hicho hicho. Oksidi inakaa katikati kama kabari, ufa haufungi hadi mwisho, na ncha haionji mzigo wote unaopanda na kushuka. Ndiyo maana unatambaa polepole. Kwenye gesi kavu kabari haijengeki.

Walikuwa na uthibitisho mwingine, na mimi naupenda kuliko wote: ukiupandisha mzigo wa chini kabisa wa kila mzunguko, ili ufa ubaki wazi muda wote usipate nafasi ya kufunga, tofauti ya hewa na haidrojeni inakaribia kwisha. Bila kufunga hakuna kabari, bila kabari hakuna tofauti. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1981.

Fundi asiondoke hapa akidhani kutu ni rafiki. Kutu juu ya springi inachimba vishimo, na kila kishimo ni mwanzo wa ufa mpya. Ile oksidi ilichelewesha ufa uliokwisha kuwapo, tena kwenye mzigo mdogo sana. Mzigo ukiwa mkubwa haisaidii kitu.

Na kwa kuwa mafundi mko hapa, shafti ikikatika msiitupe kwenye vyuma chakavu kabla ya kuisoma. Itazameni sehemu iliyokatika kwenye mwanga wa pembeni. Mtaona eneo laini, mara nyingi lenye mistari ya upinde upinde, na eneo la chenga chenga. Mistari ya upinde ni ufa uliopumzika na kuendelea. Ifuateni kinyumenyume itawapeleka mahali ulipoanzia, na mara nyingi ni kwenye kijifereji cha kii ya puli, au ukingoni mwa weldi, au pale kipenyo kinapopungua ghafla bila kulainishwa kona. Eneo la chenga chenga ndilo lililobaki likakatika kwa mkupuo. Likiwa dogo, mzigo ulikuwa wa kawaida na marudio yalikuwa mengi: tatizo lako ni kona au weldi. Likiwa kubwa, mzigo ulizidi: tatizo lako ni mwenye gari. Ukiweka shafti nene zaidi yenye kona kali ile ile, ataweza kurudi kwako na shafti nene iliyokatika.

Baada ya MIT, Suresh alikwenda Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kisha Chuo Kikuu cha Brown mwishoni mwa 1983, na mwaka 1989 alikuwa profesa kamili. Kitabu chake kuhusu uchovu wa vifaa kilitoka 1991 na toleo la pili 1998. Wanaofundisha somo hili bado wanakishika. Mwaka 1993 akarudi MIT. Alifanya mengi ya tabaka nyembamba na ya kupima ugumu kwa ncha ndogo sana. Nayapita, nifike kwenye damu.

Chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 8 hivi. Kapilari nyembamba, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, ni finyu kuliko hapo, na matundu ya kwenye wengu ni finyu zaidi. Kwa hiyo chembe lazima ijikunje ipite, ijikunjue, ijikunje tena. Inaishi siku 120 hivi, na mzunguko mmoja wa mwili huchukua kama dakika moja. Pigeni hesabu: dakika 60, saa 24, siku 120. Ni mizunguko zaidi ya 170,000. Na chembe hiyo haina kiini, haiwezi kujitengenezea sehemu mpya. Sasa niambieni, huyo ni mgonjwa wa daktari peke yake? Au ni shafti ya mhandisi pia? Inabeba mara ngapi?

Kimelea cha malaria, *Plasmodium falciparum*, kikiingia ndani ya chembe kinakaa saa 48 hivi. Kwanza kinaonekana kama pete, kisha kinakula na kunenepa, kisha kinajigawa vitoto vinavyoipasua chembe na kutoka. Wenzetu wa maabara mnaziona pete hizo kila siku kwenye slaidi zilizotiwa rangi ya Giemsa. Ila slaidi haikuonyeshi kwamba chembe inazidi kukakamaa. Ikikakamaa haipiti, na zile za hatua za mwisho zinashika pia kuta za mishipa midogo. Ikitokea kwenye ubongo, mnajua wenyewe wodini mnachokutana nacho.

Inakakamaa kiasi gani? Hapo ndipo Suresh na wenzake, akiwamo Ming Dao, walipoleta mashine ya kupimia mvuto, ya ukubwa wa chembe. Wanachukua vishanga viwili vya silika, kila kimoja kama maikromita 4, wanaviacha vigande pande mbili za chembe, kimoja kulia kimoja kushoto. Kimoja kinanata kwenye kioo. Cha pili kinashikwa na mwale wa leza, maana mwale uliokusanywa vizuri unakivuta kishanga kwenye kitovu chake na kukishikilia. Kioo kinasogezwa polepole, chembe inavutika. Nguvu ni mamia ya pikonyutoni. Pikonyutoni moja ni sehemu moja ya trilioni ya nyutoni. Na nguvu hiyo utaijuaje? Unakiburuta kishanga peke yake ndani ya maji kwa kasi unayoijua, unaongeza kasi hadi kinaiponyoka leza. Ukijua mnato wa maji na ukubwa wa kishanga, kanuni ya Stokes inakupa nguvu ya kushika. Kinachoharibu kazi ni kishanga kisichokaa kwenye mstari mmoja na mwenzake, kwani chembe inapinda badala ya kunyooka, nacho kipimo hicho hutupwa.

Matokeo ya mwaka 2005: chembe yenye kimelea cha hatua ya mwisho inaweza kukakamaa hadi mara 10 ya chembe isiyo na kimelea. Vipimo vya zamani vilikuwa vimetoa tofauti ndogo zaidi, mara tatu au nne chini ya hapo.

Basi fundi huuliza: ni kipande gani kinacholeta hitilafu? Unafanyaje ukishuku kipande kwenye injini? Unakitoa, unawasha, unasikiliza. Kisha unakirudisha. Ndivyo walivyofanya, pamoja na Taasisi ya Pasteur ya Paris, katika kazi iliyotoka 2007. Kimelea hutuma protini moja iitwayo RESA ikashikamane na nyavu za ndani ya ukuta wa chembe. Wakatumia vimelea vilivyoondolewa jeni ya RESA: chembe katika hatua ya pete ikabaki laini. Jeni iliporudishwa, ukakamavu ukarudi. Na athari ilikuwa kubwa zaidi kwenye joto la homa, nyuzi 41. Hapo hakuna tena kusema "huenda".

Nije kwenye selimundu, ugonjwa unaozigusa familia nyingi humu ukumbini. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaliwa watoto wengi zaidi duniani wenye selimundu, na kliniki ya Muhimbili imefuatilia wagonjwa kwa maelfu. Oksijeni ikipungua, himoglobini ya mgonjwa inajipanga nyuzi nyuzi, chembe inakuwa mundu, mshipa unaziba, maumivu yanaanza. Mwaka 2015 kundi la Suresh, na E Du akiwa mwandishi wa kwanza, lilichapisha vipimo vilivyofanywa ndani ya mifereji midogo ya plastiki ambayo gesi inapenya ukuta wake, hivyo oksijeni inaongezwa na kupunguzwa huku chembe zikipita. Walipima inachukua sekunde ngapi chembe kuwa mundu, na ngapi kurudi. Ni chembe ngapi zinakwama kwenye njia finyu. Na zinazopita zinapita kwa kasi gani. Hebu oneni tofauti. Hadubini inakwambia umbo. Vipimo hivi vinakwambia mwendo, na kinachomuumiza mgonjwa ni mwendo uliosimama.

Kisha mwaka 2019 lile swali likarudi nyumbani kwake. E Du, Suresh, Dao na wenzao walichapisha kazi ambayo kichwa chake chenyewe kinataja uchovu wa kimekanika wa chembe nyekundu za binadamu. Uchovu! Neno la ekseli na springi, limewekwa kwenye damu. Walizivuta chembe kwa umeme wa kupishana, kundi moja likivutwa na kushikiliwa, kundi la pili likivutwa na kuachiwa tena na tena. Kilele cha mzigo kilikuwa kimoja, na jumla ya muda chini ya mzigo ilikuwa moja. Zipi ziliharibika zaidi? Zile zilizovutwa na kuachiwa. Marudio, ndugu zangu, marudio yale yale yaliyokata waya wa nondo hapo mezani kwenu.

Uongozi wake nitausema kwa kifupi, ingawa wengi humjua kwa huo. Mkuu wa idara ya vifaa MIT 2000 hadi 2006, mkuu wa shule ya uhandisi 2007 hadi 2010, kisha mkurugenzi wa Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, NSF, hadi Machi 2013. Mzaliwa wa kwanza wa Asia kukikalia kiti hicho. Huko mwaka 2011 alianzisha mpango wa I-Corps: kundi la watu watatu, yaani mtafiti, kijana wa kuibeba biashara, na mshauri aliyewahi kufanya biashara, linapewa dola 50,000 na kutumwa nje ya maabara kuongea na wateja kama mia moja kabla ya kudai kwamba uvumbuzi wao unahitajika. Vyuo vyetu vinaweza kuufanya mpango huo bila hata hizo dola, maana kuongea na wateja mia ni nauli. Kuanzia Julai 2013 hadi 2017 alikuwa rais wa Carnegie Mellon, chuo chenye tawi Kigali, na baadaye, 2018 hadi 2022, rais wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang, Singapore. Hata akiwa rais hakuacha kupima vitu: 2018 yeye na wenzake walionyesha kwamba sindano za almasi nyembamba kuliko unywele, kama nanomita 300, zinapinda na kurudi, zikinyooshwa hadi asilimia 9 bila kuvunjika.

Sasa sisi tunaingia wapi? Tuliingia zamani. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa damu ya watu wa Kenya na Uganda kwamba anayebeba nusu ya selimundu, yaani jeni yake kutoka kwa mzazi mmoja tu, analindwa dhidi ya malaria. Na mwaka 2020 Silvia Kariuki na wenzake, wakitumia damu ya watu wa Kilifi, walionyesha kwamba kundi la damu liitwalo Dantu linakinga malaria kali kwa sababu ukuta wa chembe umekazwa zaidi, kimelea kinashindwa kuingia. Mkazo wa ukuta! Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa mitambo anaijua hesabu hiyo kuliko anavyodhani.

Mtasema leza hatuna. Basi anzeni na pipeti nyembamba, mbinu iliyokuwapo tangu miaka ya 1960. Mrija wa kioo unavutwa kwenye joto hadi tundu lake libaki maikromita moja na nusu hivi, unaunganishwa na bomba lililojaa maji hadi kwenye chupa unayoweza kuishusha kwa skrubu. Milimita moja ya maji ni paskali 10 hivi, na chembe nzima inaanza kuingiza ulimi kwenye pipeti kwa milimita chache tu. Unapima urefu wa ulimi kila unaposhusha chupa. Chembe iliyokakamaa itaingia kidogo kwa mshuko ule ule. Hadubini iwe nzuri, meza isitikisike, na kibali cha maadili kiwe mkononi kabla ya tone la kwanza la damu.

Mambo manne yatawaharibia. Kiputo cha hewa kwenye bomba: kitabanwa badala ya kupitisha mvuto, na kipimo kitayumba. Chembe kunata kwenye kioo: wekeni albumini, protini ya kuzuia kunata, kidogo kwenye mchanganyiko. Maji kukauka pembezoni mwa chumba cha slaidi: chumvi inapanda, chembe inasinyaa na kukakamaa yenyewe, nanyi mtaandika ugonjwa usiokuwapo, funikeni, mbadilishe mchanganyiko mara kwa mara. Na damu iliyolala: chembe zilizohifadhiwa hubadilika umbo na kukakamaa, kwa hiyo pimeni ndani ya saa chache baada ya kutolewa. Kila siku ya kazi pimeni pia damu ya mtu asiye na ugonjwa, kwa pipeti ile ile na joto lile lile, maana pipeti mbili hazitoki sawa kamwe, na namba ya mgonjwa peke yake haisomeki.

Nimemaliza. Wenye maswali ya pipeti waanze, wa ekseli wafuate.